Kuhama na Kuhamia: Mkokoni na Suala la Makazi Mapya katika Fasihi ya Pwani ya Kaskazini

1. Utangulizi

Kitenzi kuhama kinajitosheleza. Ikisemwa kwamba jamaa fulani wamehama, sentensi imetimia na msikilizaji hadai nyongeza. Kitenzi kuhamia hakiko hivyo. Kauli ya kutendea inadai mahali, na mpaka mahali hapo patajwe usemi unabaki ukining'inia. Tofauti hii ndogo ya sarufi inaweza kumsaidia mhakiki kuona jambo ambalo limepitwa mara nyingi katika uhakiki wa fasihi ya pwani ya kaskazini ya Kenya, yaani fasihi ya Lamu, Pate, Siyu, Faza na nchi ya Wabajuni inayopakana na Somalia. Fasihi hiyo imesifiwa, na kwa haki, kwa jinsi inavyosawiri nyumba zilizoachwa. Haijaulizwa vya kutosha jinsi inavyosawiri nyumba zinazoingiwa.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kuliegemeza kwenye mahali pamoja, nako ni Mkokoni, kijiji cha Wabajuni kilichoko bara kikitazamana na kisiwa cha Kiwayu. Hoja inayotetewa ni kwamba kuhamia, katika fasihi ya watu hawa, si dhamira bali ni tendo, na ndiyo sababu halionekani kwa anayelitafuta katika orodha za dhamira. Utenzi, ambao aghalabu ni utanzu wa masimulizi au wa mawaidha, umejengwa juu ya jambo lililotokea mara moja au juu ya ukweli usiobadilika. Kuhamia kwa mkulima wa Kibajuni si moja kati ya hayo mawili. Ni jambo linalorudiwa, na kwa hiyo limepata makao yake katika tungo zinazorudiwa, hususan zile ziitwazo wawe. Iwapo hoja hii ina uzito, basi kuna swali zito zaidi linalofuata: utungo wa kuhamia unakuwa nini pale ambapo mahali pa kuhamia hapafikiki tena?

2. Nyumba iliyobomoka na nyumba iliyokamilika

Yafaa kuanza na kazi inayojulikana kuliko zote. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, unazitembelea nyumba za matajiri wa Pate baada ya wenyewe kuondoka. Mtunzi anaukanya moyo wake kwa kuuonyesha vidaka vilivyokuwa vya kupangia sahani na sasa ni viota vya ndege, na kumbi zilizokuwa na taa na wageni na sasa zina popo na bundi. Wahakiki wamelieleza funzo la kidini la utungo huu mara nyingi, kwamba dunia ni hadaa na mwenye akili asiitegemee. Lililosisitizwa kwa uchache ni kwamba watu wa Al-Inkishafi wamehama na pia wamehamia. Makazi yao mapya yametajwa. Ni kaburi, nalo linaelezwa kwa lugha ile ile ya nyumba: kwa ufinyu wake, kwa kukosa matandiko, kwa kukosa mwanga. Katika utungo huu mkubwa wa nyumba, nyumba mpya iliyopo ni moja tu, na anayeiingia haingii kwa miguu yake.

Kazi ya pili ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Kwa msomaji wa haraka, utendi huu ungeweza kuchukuliwa kuwa ndio utungo wa makazi mapya hasa, maana mama anampa mwanawe mwongozo wa maisha ya unyumba: dini na adabu, usafi wa mwili na wa chumba, namna ya kuishi na mume na namna ya kuishi na watu. Hata hivyo, nyumba inayozungumziwa humo imekwisha kusimama. Ina chumba, ina vyombo, ina watu wanaojua nafasi zao. Binti hafundishwi namna ya kupafanya mahali pageni pawe kwake. Anafundishwa namna ya kukitunza kilicho tayari chake. Utulivu wa utendi huu unatokana na dhana hiyo isiyotamkwa, kwamba suala la mahali limekwisha kutatuliwa na wengine.

Baina ya nyumba iliyobomoka na nyumba iliyokamilika, tenzi za pwani ya kaskazini zinaacha pengo. Utenzi wa Fumo Liyongo wa Muhammad Kijumwa, wa mwaka 1913, unampeleka shujaa wake msituni, lakini msitu huo ni mahali pa kujificha na pa kuviziwa, si mahali pa kujenga. Hata mtunzi wa zama za karibu aliyejali ufundi kuliko wengi, Ahmed Sheikh Nabhany, alipotaka kueleza jinsi kitu kinavyoundwa hatua kwa hatua, alichagua chombo cha kusafiria: Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa Leiden mwaka 1979, ni utungo wa jahazi. Katika Umbuji wa Mnazi wa mwaka 1985 aliueleza mnazi na manufaa yake. Nyumba ya kawaida ya udongo na makuti, ambayo watu wengi wa pwani hii wameijenga kwa mikono yao, haikupata utenzi wa hadhi hiyo.

Mhakiki anaweza kuliona pengo hili kuwa ni upungufu wa watunzi. Anaweza pia kuliona kuwa ni dalili ya mipaka ya utanzu. Uamuzi kati ya tafsiri hizo mbili hauwezi kufanywa kwa kuzitazama tenzi peke yake. Inabidi kwanza kutazama kuhamia kwenyewe kulivyokuwa kwa watu wanaohusika.

3. Mkokoni: mahali panapojengwa upya

Jina la kijiji limetokana na mkoko, mti wa kando ya maji ya chumvi ambao pwani hii imeutumia kujengea tangu kale. Wafanyabiashara wa Lamu waliipanga miti hiyo kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa mjenzi majina haya yanakaribia kuwa ramani ya nyumba. Urefu wa boriti ndio uliokadiria upana wa vyumba vya majumba ya mawe ya Pate na Lamu, na ni mti huo huo unaosimamisha nyumba ya udongo ya bara. Nyumba iliyoliliwa katika Al-Inkishafi na nyumba isiyotungiwa utenzi ya Mkokoni zimejengwa, kwa sehemu ya mifupa yake, kwa mti mmoja. Tofauti ni kwamba ya kwanza ilijengwa kwa nia ya kudumu, na ndiyo maana kubomoka kwake kukawa msiba. Ya pili inajulikana tangu mwanzo kwamba itasukwa upya: makuti huchakaa, udongo huoshwa na mvua, na fito huliwa na mchwa. Kwa mwenye nyumba hiyo, kuezeka tena si msiba wala si habari. Ni kazi ya msimu.

Hali ya ardhi inafanana na hali ya nyumba. Wabajuni, ambao huitwa pia Watikuu, wameishi kwa bahari na kwa shamba. Visiwa vyao vingi vina ardhi chache yenye mawe, na kwa hiyo kilimo chao kikubwa kilikuwa bara. Wakulima walivuka na vyombo, wakafyeka kipande cha msitu, wakakiacha kikauke, wakakichoma, wakapanda. Udongo ukichoka baada ya misimu kadhaa, kipande hicho kiliachwa kipumzike na kingine kikafyekwa. Wengine walirudi visiwani baada ya mavuno, wengine wakabaki bara, na vijiji vya bara vikakua kwa njia hiyo. Mpaka kati ya mgeni wa msimu na mwenyeji wa kudumu haukuwa mstari. Ulikuwa ni hesabu ya misimu.

Kutokana na maelezo hayo, inaonekana wazi kwamba kuhamia mahali kama Mkokoni hakukuwa tukio lenye tarehe. Hapana siku moja ambayo mtu angeitaja kuwa ndiyo siku aliyohamia, kama vile jahazi linavyokuwa na siku ya kushushwa majini. Kuhamia kulikuwa ni zamu: kulifanywa, kukafanywa tena, na uhalali wake ulitokana na kurudiwa huko. Utenzi unaosimulia ungehitaji mwanzo, kilele na mwisho. Zamu haina kilele. Hapa ndipo panapopatikana jibu la swali lililoachwa katika sehemu iliyotangulia. Pengo katika tenzi si uvivu wa watunzi. Ni utanzu kukataa mzigo usioulingana.

4. Wawe kama tendo la kuhamia

Katika Tungo Zetu, kitabu kilichochapishwa mwaka 1988, Ibrahim Noor Shariff alipanua mjadala wa ushairi wa Kiswahili kwa kuonyesha kwamba bahari zake ni nyingi kuliko shairi na utenzi, na miongoni mwa alizozieleza zimo wawe na kimai. Wawe, au vave kwa matamshi ya Kibajuni, ni tungo za wakulima, na kwa Wabajuni zinahusishwa hasa na usiku wa kuamkia siku ya kuuchoma msitu uliofyekwa. Kimai ni tungo za bahari na watu wa bahari. Mchango mkubwa wa uainishaji huo ni kwamba unampa mhakiki ruhusa ya kuitambua bahari kwa mahadhi yake na kwa kazi yake katika maisha, si kwa hesabu ya vina na mizani peke yake. M. M. Mulokozi naye, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alitaka tanzu ziainishwe kwa umbile la kazi pamoja na muktadha wa uwasilishaji wake.

Pamoja na misingi hiyo miwili, uhakiki mwingi wa nyimbo za kazi umeendelea kuuliza swali la shuleni: wimbo huu una dhamira gani? Kwa wawe, swali hilo huzaa jibu hafifu. Lugha yake aghalabu ni ya kale, na hata msikilizaji wa Kibajuni huenda asiifahamu yote. Mchambuzi akiisha kuorodhesha dhamira zinazotarajiwa, yaani umuhimu wa kazi, ushirikiano, na kumcha Mungu, atakuwa amesema mambo ambayo yangeweza kusemwa kuhusu wimbo wowote wa kilimo kutoka kwa jamii yoyote. Atakuwa hakusema lolote kuhusu sababu ya wimbo huu kuimbwa usiku huu, pembezoni mwa shamba hili, na watu hawa.

Swali lenye manufaa zaidi ni hili: kabla ya wawe kulikuwa na nini, na baada yake kuna nini? Kabla yake kuna msitu uliokatwa, usio msitu tena na usio shamba bado. Baada yake kuna moto, na baada ya moto kuna shamba lenye mwenyewe. Wawe inasimama katikati. Watu wanaokesha wakiimba hawaelezi makazi mapya, wanayafungua. Mtu anayekuwapo katika mkesha huo na kuitikia anahesabiwa miongoni mwa wenye shamba, na mtu asiyekuwapo hawezi kujihesabu baadaye kwa kuyajua maneno tu. Kwa maana hiyo wawe inafanana zaidi na maneno ya ndoa kuliko na shairi kuhusu ndoa. Maneno ya ndoa hayapimwi kwa uzuri wa taswira zake, bali kwa kuwa yametamkwa na nani, mbele ya nani, na yamebadilisha nini.

Yamkini itapingwa kwamba shamba si nyumba, na kwamba mada ya makazi mapya inahusu kuta na paa. Pingamizi hili lina nguvu kwa mji wa mawe, ambapo daka, msana na ndani vinapanga daraja za watu kabla hawajafungua vinywa. Kwa Mkokoni halina nguvu hiyo. Pale ambapo kuta hujengwa upya kila baada ya miaka michache, kitu kinachomfanya mtu awe wa mahali si kuta. Ni haki ya kulima kipande fulani, kuteka maji katika kisima fulani, na kuegesha mtumbwi katika diko fulani. Nyumba inafuata haki hizo, haizitangulii.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile linalohusu wanawake. Wawe, kwa jinsi inavyoelezwa na wengi, inaonyesha makazi kutoka upande wa shamba na moto. Makazi yana upande mwingine, wa ndani: mafiga yanapowekwa, mkeka wa kwanza unaposukwa, mtoto wa kwanza anapobembelezwa katika nyumba isiyozoeleka. Bembelezi na nyimbo za harusi kama mavugo zingeweza kulijaza pengo hilo, na uhakiki unaozitupia wawe macho yote utakuwa umeiona nusu ya nyumba. Hata hivyo, mantiki iliyoelezwa hapa haivunjwi na pingamizi hili. Bembelezi nayo hurudiwa kila usiku, na kazi yake pia ni kumfanya mtu mpya awe wa mahali.

5. Jembe la siku ya tatu

Ikiwa kuhamia ni zamu, basi methali maarufu ya mgeni inaweza kusomwa upya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kuwa ni onyo kwa mgeni asiyetaka kuondoka. Usomaji huo unauona mkono unaotoa jembe kuwa ni mkono unaosukuma. Lakini jembe halipewi mtu anayefukuzwa. Anayefukuzwa hufunguliwa mlango. Jembe hupewa mtu ambaye sasa atakuwa na sehemu katika kazi, na mwenye sehemu katika kazi ana sehemu katika mavuno. Methali imeweka mpaka wa ugeni mahali pale pale ambapo wawe inauweka, yaani penye shamba.

Historia ya karibuni imeipa methali hii mtihani. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi wa visiwa vilivyo kaskazini ya mpaka, kama vile Chula, Chovai na Koyama, waliingia Kenya kwa vyombo. Wengine walifika vijiji vya mpakani na visiwa vya Lamu, wengine wakaishia katika kambi za wakimbizi za Mombasa, ambazo zilifungwa kabla ya miaka ya 1990 kwisha. Wageni hawa hawakuwa na haja ya kujifunza lugha, maana walizungumza Kibajuni. Walikuwa na dini moja na wenyeji, na mara nyingi walikuwa na jamaa. Kama kuhamia kungekuwa ni suala la lugha na utamaduni peke yake, wao wangekuwa wamehamia siku waliyoshuka chomboni. Lakini kambi ina lugha na haina jembe. Mkimbizi hupewa chakula badala ya shamba, na kwa hiyo siku ya pili ya ugeni wake huweza kurefuka ikawa miaka.

Riwaya ya mjini imelieleza jambo linalokaribiana na hili kwa njia yake. Katika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, Yasmin anamkimbia mume aliyeozwa kwa nguvu, jamaa zake wanamkataa, na anapata makazi Ng'ambo kwa Mwajuma. Makazi hayo mapya hayaletwi na chumba, bali na mwenyeji anayemshirikisha mgeni katika maisha yake kuanzia jikoni hadi ngomani. Riwaya inaweza kulisimulia jambo hili kwa sababu kwa Yasmin ni tukio la mara moja lenye kabla na baada. Kwa mkulima wa Mkokoni, ambaye hurudi kufyeka, usimulizi wa namna hiyo ungekuwa ni kuchagua msimu mmoja na kuupa hadhi ambayo mwenyewe hakuupa.

6. Wawe bila shamba

Sasa swali lililowekwa mwanzoni linaweza kukabiliwa. Wakati wa vita vya Shifta, vya 1963 hadi 1967, wakulima wa Kibajuni walilazimika kuyaacha mashamba na vijiji vyao vya bara na kukimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Amani iliporudi baadhi yao walirejea, wengine hawakurejea. Mwaka 1976 sehemu ya msitu wa bara ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Dodori, na mwaka 1979 bahari ya mbele ya vijiji hivyo ikawa Hifadhi ya Bahari ya Kiunga. Tangu mwaka 2011 mashambulizi yaliyotokea katika eneo hilo yaliwafanya watu waogope tena bara, uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka kadhaa, na shughuli za usalama zilizoanza mwaka 2015 katika msitu wa Boni zikazidi kuubana uhuru wa kuingia msituni. Sababu hizi hazifanani, na nyingine kati yake, kama kuhifadhi msitu na kasa, zina manufaa ambayo hayafai kubezwa. Moto wa mkulima nao una gharama yake. Athari yake kwa utungo, hata hivyo, ni moja. Zamu inakatika.

Wawe iliyokatiwa zamu haifi mara moja. Maneno yake yanaweza kurekodiwa, kuchapishwa, kufundishwa, na kuimbwa jukwaani siku ya tamasha mbele ya wageni. Hakuna neno linalobadilika. Kinachobadilika ni kwamba hakuna moto unaofuata. Wimbo uliokuwa ukielekea asubuhi ya kesho sasa unaelekea nyuma, na msikilizaji anaupokea kama kumbukumbu ya mashamba ya babu zake. Utungo uliokuwa wa kuhamia umegeuka kuwa utungo wa kuhama. Kwa lugha nyingine, wawe imekuwa Al-Inkishafi bila mtunzi yeyote kukusudia: nayo pia inapita katika mahali palipokuwa na watu, ikiyataja waliyoyafanya. Mageuzi haya ya utanzu hayawezi kugunduliwa na mhakiki anayesoma maneno peke yake, kwa sababu kwenye karatasi wawe hizo mbili ni moja.

Suala hili si la wahakiki tu. Sehemu kubwa ya ardhi ya bara ya Lamu ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ni ardhi ya Serikali, na wakulima wake wengi hawakuwa na hati. Katika wilaya hiyo hiyo, mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, ulioanza katika miaka ya 1970, uliwapatia familia kutoka bara ya Kenya makazi kwa njia ya ploti na namba. Hapana haja ya kuwalaumu waliopewa; nao walikuwa wakitafuta pa kuishi. Jambo la kuzingatia ni kwamba hati inakuelewa kuhamia kama tukio: siku ya kugawiwa, jina, mpaka, sahihi. Desturi inayobebwa na wawe inakuelewa kama zamu. Mtu aliyezuiwa na vita asilime kwa miaka mingi anapoteza kwa mizani zote mbili. Mbele ya sheria hana karatasi; mbele ya desturi zamu yake imekatika. Lugha nayo imelibeba fumbo hili. Kulowea ni kukaa mahali kwa muda mrefu hadi mtu akawa mkazi, na lilikuwa neno lisilo na lawama. Mlowezi, jina lililozaliwa nalo, limekwisha kuwa jina la mtu aliyechukua ardhi ya wengine.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imefungua mlango wa jamii kusajili ardhi yake kwa pamoja. Huenda siku moja mtu akataka kuzitoa wawe kuwa ushahidi wa nani alilima wapi. Mhakiki atakayeitwa kuzifasiri atahitaji tahadhari. Akizifanya hati, atazisemesha jambo ambalo haziwezi kulisema, maana wawe haitoi umiliki wa milele, inafungua msimu. Akizifanya mapambo ya utamaduni, atakuwa amewanyima wenyewe kitu pekee ambacho tungo hizi zinakishuhudia bila shaka: kwamba kulikuwa na watu waliorudi, na waliorudi tena, na kwamba kukoma kwao hakukuwa kwa hiari.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba tenzi mashuhuri za pwani ya kaskazini zinaitazama nyumba inapokuwa imebomoka au inapokuwa imekamilika, na kwamba kipindi kilicho baina ya hali hizo mbili kimeachiwa tungo za kazi. Sababu si kwamba kipindi hicho ni duni. Sababu ni kwamba kwa watu wa mahali kama Mkokoni kuhamia hufanywa kwa kurudiwa, na jambo linalorudiwa linahitaji utanzu unaorudiwa. Kutokana na hilo, uhakiki unaofuata dhamira peke yake utaendelea kudai kwamba fasihi ya Wabajuni haina utungo wa makazi mapya, ilhali tungo hizo zimo katika mikusanyiko, zikiwa zimepewa kichwa cha nyimbo za kilimo.

Wanafunzi wanaoendelea kukusanya wawe, kimai na bembelezi wana jambo la kufanya lililo jepesi na la haraka. Pamoja na maneno, waandike shamba au diko lililohusika kwa jina lake, msimu wenyewe, na waliokuwapo na waliostahili kuwapo. Pale ambapo wimbo umeimbwa bila shamba, waandike pia kwamba umeimbwa bila shamba, na tangu lini. Mkusanyiko usio na maelezo hayo unaokoa sauti na kupoteza mahali.

Waswahili husema ndio kwanza mkoko unaalika maua, kwa maana kwamba jambo linalodhaniwa kuwa limefika mwisho ndilo kwanza linaanza. Mkoko wenyewe una tabia ambayo kila mvuvi wa Mkokoni anaifahamu: mbegu yake humea ingali juu ya mti, ikadondoka ikiwa mche, na isipokwama topeni pale pale huchukuliwa na maji mpaka ipate tope jingine. Kumea hakujawahi kuwa shida yake. Inachohitaji ni tope, na tope hilo linapokuwa halifikiki, ni wajibu wa anayeusoma wimbo kusema hivyo.